Mzee akisema "ndiyo dokta" msidhani mmeelewana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, najua imekuwa ndefu mtaikata mnavyojua wenyewe ila tafadhali ile sehemu ya ugoro msiiondoe.

Nimesoma makala yenu ya presha na kisukari vijijini. Mwandishi kajitahidi, kaeleza dalili, kaeleza vipimo, kakumbusha na ule utafiti wa kitaifa wa 2012 uliokuta karibu robo ya watu wazima wana presha na kama 9 kati ya 100 wana sukari ya juu, hapo sina neno. Ila alipofika kwa wafugaji akaandika yale yale yanayoandikwaga siku zote, kwamba jamii hizi zina "mwamko mdogo" na "hazipokei elimu ya afya". Sasa mi ni Mmasai, nafundisha sekondari huku Longido, na kwa vile Kiswahili nakijua na nina pikipiki basi mzee yeyote wa ukoo akiitwa kliniki anapitia kwangu, nimpeleke alafu nimkalimanie. Kwahiyo hiyo elimu inayosemwa haipokelewi naisikia inavyotolewa, nimekaa katikati yao. Na ninachoweza kuwaambia ni kwamba mzee anatangaziwa tu, kuongeleshwa bado.

Inakwendaga hivi. Mzee kapimwa, mashine imesoma 170 kwa 100. Nesi anaandika kwenye daftari la MTUHA, lile la kumbukumbu za kituo, na huku anaandika anasema punguza chumvi, acha mafuta, acha pombe, acha sigara, fanya mazoezi, kula mboga na matunda, punguza mawazo. Mzee anaitika ndiyo. Ndiyo. Ndiyo dokta. Dakika mbili nyingi, anapewa dawa kama zipo, zisipokuwepo anaandikiwa akanunue mjini, na kwenye daftari panawekwa alama kwamba ushauri umetolewa. Tukitoka nje ndo mzee ananishika mkono ananiuliza, mwanangu, kasema naumwa nini?

Simlaumu nesi. Nyuma ya mzee kuna foleni ya akina mama na watoto wa chanjo, huyo huyo nesi ndo anagawa dawa, ndo anachoma sindano, ndo kazalisha usiku hajalala, na mwisho wa mwezi anadaiwa ripoti. Ukimwambia akae nusu saa na mzee mmoja atakuuliza hao wengine awapeleke wapi, na ana haki. Lakini tusigeuze kukosa muda kwa zahanati kuwa ubishi wa Wamasai.

Tuchukue ile orodha yenyewe. Acha sigara. Mzee wangu hajawahi kuvuta sigara toka azaliwe, kwahiyo anajibu "mi sivuti" na hapo anasema kweli kabisa, nesi anaweka hapana, tumemaliza. Lakini mfukoni mwa shuka kuna kikopo cha ugoro, na akina koko, yaani bibi zetu, nyumbani wanabugia tumbaku iliyochanganywa na magadi toka asubuhi mpaka wanalala. Hakuna anayeuliza ugoro! Nikotini ni ile ile, ikipita puani au chini ya ulimi inafika kwenye damu, inapandisha presha, na tumbaku ya kubugia inaleta kansa ya mdomo, hilo madaktari wanalijua vizuri kuliko mimi. Alafu magadi. Magadi yetu yanatoka huko Ziwa Natron, na magadi yana sodiamu, ile ile inayofanya tuambiwe tupunguze chumvi. Mtu anaweza akaacha chumvi kwenye ugali na nyama akawa mtiifu kabisa huku anabugia magadi kutwa nzima na kuyatia kwenye makande yaive haraka. Isitoshe magadi ya ukanda wetu yana floraidi nyingi, na sisi tayari maji yetu yametuharibu meno. Swali moja tu, "mzee unatumia ugoro, unachanganya na nini", lingefungua yote hayo. Halipo kwenye fomu.

Acha mafuta. Hapa wazee wana hoja na hoja yao haijibiwi ndo maana hawaachi. Wanasema baba zetu walikunywa maziwa, wakala nyama na mafuta ya ng'ombe na wakazeeka wanatembea, sasa leo mnatuambia mafuta yanaua? Jamani hiyo hoja sio ya kijinga. Miaka ya 1960 alikuja Tanganyika mtafiti mmoja Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, George Mann, na wenzake, wakapima mamia ya wanaume wa Kimasai, wakakuta lehemu (kolesteroli) kwenye damu iko chini na ugonjwa wa moyo hawauoni, pamoja na maziwa yote yale na nyama. Mwaka 1972 wakatoa mengine, walikuwa wamechunguza mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki, na humo ndani mafuta kwenye mishipa yalikuwepo, tena sio kidogo, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana kiasi kwamba damu inapita bila shida. Wao walidhani ni kwa sababu ya kutembea na kukimbia sana toka ujana. Wanasayansi wamebishana hapo miaka mingi na mi sio wa kuwaamua, ninachosema ni kwamba nesi akiwa na hii habari anaweza kumwambia mzee, ni kweli baba yako alikunywa maziwa akaishi, lakini baba yako alifuata ng'ombe mpaka wanywe maji na kurudi, na jioni hakunywa soda. Hapo mzee atakaa sawa asikilize maana umeanza na kumpa heshima ya kwamba anachokijua anakijua.

Maana kilichobadilika sio nyama. Sisi nyama hatuchinji ovyo, ng'ombe ni mali, watu wa mjini wanafikiri tunakula nyama kila siku, hapana, Mchaga wa Moshi mjini anakula nyama kunishinda. Kilichoingia ni ugali wa kununua, mafuta ya kukaangia ya madumu, na kubwa kuliko yote sukari. Chai ya maziwa! Ukifika boma lolote unawekewa kikombe cha bati kikubwa, kina vijiko vinne vya sukari, na ukiondoka hapo ukapita boma la pili unawekewa tena, huwezi kukataa, na mwenye boma hawezi kukupa chai isiyo tamu akaonekana hana. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza ikiwezekana isizidi kama vijiko sita vya chai kwa siku. Mzee anayemaliza shauri la ng'ombe aliyepotea anavipita kabla jua halijawa kali. Nani kamuuliza chai? Anaulizwa soda. Soda anakunywa siku ya mnada, chai ni kila anapokaa. Na chai mzee haipiki yeye, inapikwa na mama wa boma, kwahiyo hata ukimwelimisha mzee mpaka jioni bila huyo mama kuwepo umepoteza muda wako.

Mboga na matunda sitasema sana. Huku ni kukame, mchicha unakuja na gari siku ya mnada, na ule utani kwamba majani ni ya ng'ombe bado upo ingawa vijana wanakula.

Fanya mazoezi. Kuna siku nesi alimwambia hivo mama mmoja aliyetoka kubeba maji kichwani, akacheka mpaka na nesi akacheka, wakaacha. Ila hata hapo ukiuliza vizuri unakuta kitu, kwa sababu wanaobeba maji na kuni ni wanawake wale wale, na mwanaume wa makamo sasa anaenda kila mahali kwa bodaboda, ng'ombe anachungiwa na kijana wa kuajiriwa, yeye amekaa chini ya mti anapiga simu. Wanawake wanahitaji kupumzishwa, wanaume ndo wanahitaji kuinuka, na orodha inawaambia wote neno moja. Na vijana wetu wanaokwenda kulinda Dar na Zanzibar hao ndo kabisa, usiku kucha amekaa kwenye kiti getini na sigara na kinywaji cha kumkesheza, mchana kalala, anakula chipsi, akirudi nyumbani baada ya miaka kadhaa tumbo limeshamtangulia na bado tunamwita moran.

Tofauti na bwana mifugo! Mhariri, njoo siku bwana mifugo yuko bomani, utaona mazungumzo ya afya yanavyokuwa. Anauliza ng'ombe alianza lini kukonda, mlikuwa mnamlisha wapi, maji mnanyweshea mto gani, mama yake aliugua hivyo hivyo, mmempa dawa gani ya porini kabla sijaja, na mzee anaeleza kila kitu bila kuficha, anakumbuka mpaka mvua ya mwaka juzi, alafu wanakubaliana cha kufanya. Mzee huyo huyo akifika zahanati kwa mwili wake mwenyewe anajibu ndiyo ndiyo. Hawezi kuwa ana mwamko kwa ng'ombe na hana kwa damu yake. Ni kwamba huku ameulizwa na kule ameambiwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wenzetu wa mjini hawalioni. Kwetu nani anaongea na nani ni sheria. Mtu wa rika la Makaa mabinti wote wa wenzake wa rika ni mabinti zake, kuna mambo hayataji mbele yao hata umtishe kwa kifo. Sasa leo nesi wetu ni binti mzuri, kasoma, Mmasai mwenzetu, watu wa halmashauri wanafurahi kwamba tumepata mtu wa lugha yao, na mi nafurahi, lakini baba yake ni rika moja na wagonjwa wake nusu. Anatakiwa kumuuliza mzee mwenye kisukari kuhusu haja ndogo, kuhusu vidonda huko chini, kuhusu nguvu za kiume ambazo kisukari kinazimaliza. Haulizi, na akiuliza mzee anageuka anatazama ukutani. Na mimi mkalimani nami ni shida, mi ni wa rika la Korianga, huyu ni baba kwangu, kuna mama mmoja niliyempeleka ambaye kwa ukoo ni mama mkwe, hatutakiwi hata kukaa karibu, na nikatakiwa nimuulize kama anapata siku zake bado. Tukaangaliana na nesi tukaruka swali. Kwenye daftari liko wazi mpaka leo.

Hili lina dawa na dawa yake sio ngumu. Kama kuna mwanamume mtu mzima pale kituoni, hata kama ni mlinzi aliyefundishwa, ampokee mzee kwa hayo maswali. Kama hakuna, siku ya kliniki ya presha aje tabibu mwanamume kutoka kituo cha afya. Akina mama wapewe mama mwenzao. Na mambo madogo tu, salamu. Kulikuwa na tabibu mmoja kijana alikuja kwa muda mfupi kushikilia nafasi ya mtu, sio Mmasai kabisa, mtu wa Tabora nadhani, mzee alipoingia yule kijana akasimama na koti lake jeupe akainamisha kichwa aguswe kwa mkono kama mtoto wetu yeyote, ndipo wakakaa. Mzee aliongea! Alitaja ugoro bila kuulizwa, alitaja pombe ya mnadani, alitaja kwamba dawa za presha alizopewa mwanzo alimgawia kaka yake kwa sababu kaka yake kichwa kilikuwa kinauma na yeye kwa wakati huo hakusikia maumivu. Presha haiumi, hilo hakuwahi kuambiwa na mtu, kwamba unameza kila siku hata ukijisikia mzima. Yule kijana alihamishwa, mambo ya kawaida ya serikali.

Kuna suala la mizizi. Wazee wetu wanakunywa supu yenye olkiloriti na magome mengine, kwa ajili ya viungo, tumbo, na nguvu, na moran wakienda orpul wanakaa porini wanakula nyama na supu ya dawa mpaka wapone uchovu. Huo ni mtindo wa maisha kama mnavyouita, tena ndio wenyewe hasa. Kituoni unakutana na sentensi moja, "acha dawa za kienyeji". Matokeo yake ni kwamba haachi, ila anaacha kusema. Anakunywa vidonge vya sukari asubuhi na supu ya magome jioni na hakuna anayejua kama hivyo viwili vinagombana au vinasaidiana. Nchi yetu ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala toka 2002, kuna baraza lake kabisa, kwahiyo kisheria mizizi sio haramu, kwa nini iwe haramu kwenye mdomo wa nesi? Muulize anatumia nini, kiasi gani, andika, alafu kama kuna hatari mwambie ni ipi. Mzee hawezi kukwambia anachojua utamgombeza.

Mfano ambao unaniuma zaidi ni wa wajawazito. Wenye kutujua wanajua kwamba mama wa Kimasai mimba ikishakuwa kubwa anapunguza kula, anaambiwa na akina mama wakubwa apunguze ili mtoto asiwe mkubwa. Kituoni anagombezwa, mnapenda mila potofu, kula mayai kula samaki. (Samaki, Longido.) Sijawahi kusikia anaulizwa kwa nini. Mi nilimuuliza yeyo wangu mdogo, yaani mama mdogo, akaniambia, mwanangu, mtoto akiwa mkubwa akakwama usiku hapa bomani nani atanitoa? Hospitali ya upasuaji iko wapi, gari liko wapi, baba yako ana hela ya kukodi? Hiyo sio mila potofu, huyo mama amepiga hesabu na kwa mazingira yake miaka yote hesabu ilikuwa inatoka. Ukitaka ale inabidi kwanza mwongee habari ya usafiri. Sasa hivi kuna ule mpango wa m-mama, unapiga 115 bure mama mjamzito anafuatwa na gari, ni mpango mzuri kweli, lakini ushauri wa lishe unatolewa dirisha hili na namba ya gari imebandikwa kwenye karatasi ukuta ule kwa mama asiyesoma, hakuna anayeviunganisha aseme kula mama, na uchungu ukikuzidi piga hapa, mtandao unashika kwenye kile kilima.

Na sio sisi tu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wao ni kidogo sana, kama elfu na kitu, na nadhani hakuna watu Tanzania waliopimwa kama wao. Wazungu wamepima wanavyotembea, wamepima vinyesi vyao waone bakteria wa tumboni, mwaka 2012 wakaandika dunia nzima ikasoma kwamba Mhadzabe pamoja na kutembea kutwa anachoma nguvu kwa siku karibu sawa na mzungu wa ofisini. Sayansi nzuri, mi mwenyewe nawafundisha wanafunzi. Lakini kupimwa ni kitu kingine na kuongeleshwa ni kingine, na pombe za bei rahisi zilizoingia kule pamoja na watalii sijui ni nani amekaa chini nao wakaliongea kwa lugha yao.

Nimekuwa nikisoma habari za Australia, nako wako wenyeji wa asili, Waaborijini na watu wa visiwa vya Torres Strait, waliteswa vibaya na afya zao ziliharibika. Mwaka 1971 huko Redfern, Sydney, wenyewe walianzisha kliniki yao, inaendeshwa na wao, na kutoka hapo zikazaliwa nyingine zaidi ya mia nchi nzima. Serikali yao inalipia kila mwenyeji akapimwe afya kwa mwaka, wanaita 715 kwa namba ya malipo, na humo ndani kuna kukaa na mtu kuongea habari za sigara, pombe, chakula, kazi, usingizi, na mara nyingi anayekaa naye ni mhudumu wa afya wa jamii yake mwenyewe. Uvutaji wa kila siku kwa watu wao wa miaka 15 na zaidi umeshuka kutoka asilimia 41 mwaka 2012 mpaka kama 29 miaka kumi baadaye. Sio peponi, bado wanaishi pungufu ya Waaustralia wengine kwa zaidi ya miaka 8, msije mkasema mwalimu anatuletea hadithi za ughaibuni. Na cha kuchekesha, lile azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 la haki za watu wa asili, lenye kusema wana haki ya dawa zao za jadi na pia haki ya kutibiwa hospitali bila kubaguliwa, Australia ilipiga kura ya hapana, wakabadilika 2009. Tanzania tulipiga ndiyo siku ile ile. Najua hapa kwetu ukisema "watu wa asili" unaambiwa sote ni wa asili, sawa, mi huo ubishi siutaki, mniite mnavyotaka ila mniulize ugoro.

Turudi kwenye kinachowezekana hapa hapa. Mwanzoni mwa 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo ni zaidi ya laki moja na thelathini nchi nzima. Hao ndio watu wenyewe! Mhudumu anaweza kukaa bomani jioni ng'ombe wakirudi, hana foleni nyuma yake, anaona kikombe cha chai kilivyo, anaona moshi ndani ya nyumba unavyomtoa mama machozi, anaona kama vidonge vimeisha au vimening'inizwa kwenye mfuko wa plastiki juu ya kitanda. Wasiwasi wangu ni jinsi watakavyopatikana na kutumiwa. Wakichaguliwa ni vijana wa senta pekee yake kwa sababu ndio wenye vyeti, tutarudi kule kule kwa binti wa rika na mzee wa kutazama ukuta. Naomba halmashauri za wafugaji, Longido, Monduli, Ngorongoro, Simanjiro, Kiteto, waliongee hili na wazee wa mila kabla majina hayajapelekwa, kila kijiji kipate mwanamume na mwanamke, na wawe watu ambao mtu mzima anaweza kukaa nao. Na wasipewe orodha ya kukariri, wapewe maswali. Unakunywa chai mara ngapi na nani anaipika, ugoro unachanganya na nini, ulitembea mpaka wapi jana, dawa gani nyingine unatumia, ni kitu gani kati ya hivi unaona unaweza kupunguza wewe mwenyewe. Hilo la mwisho ndo kubwa kuliko yote maana mzee akichagua mwenyewe mbele ya watu atasimamia, sisi ahadi ya mtu mzima haivunjwi hivi hivi.

Pia mnadani. Wanaume hawaji kliniki lakini mnadani wanakuja wote, wamevaa vizuri, wana hela. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, tukashangilia, zikaja chupa ndogo za pombe kali zinazokaa mfukoni vile vile. Zamani moran hakuguswa na pombe, pombe ya asali ilikuwa ya wazee na ilikuwa na siku yake. Siku ya mnada saa nne asubuhi kabla chupa hazijafunguliwa weka meza mbili chini ya mti, mashine ya presha, tabibu mwanamume mtu mzima na mzee mmoja wa mila anayeheshimika, uone foleni. Saa nane usijisumbue. Jambo hili nilimwambia kiongozi mmoja akasema wazo zuri, nilete bajeti, sasa meza ninazo shuleni nawaazima, mti ni wa Mungu, mashine ziko zahanati zinakaa kabatini siku hiyo maana kila mtu kaenda mnadani, kilichobaki ni posho ya tabibu na mafuta ya pikipiki, na kama hata hiyo ni shida basi halmashauri iseme ni shilingi ngapi tuchangishane, mbuzi mmoja tu akiuzwa pale pale anatosha.

Wenu,
Mwalimu wa sekondari,
Longido, Arusha